Mfupa Haujui Siku Yako ya Kuzaliwa

Hebu weka kidole chini kabisa ya shingo, pale kwenye kashimo. Sasa sogeza kidogo kulia au kushoto. Utagusa kinundu kigumu. Hapo ndipo unapoanzia mtulinga, ule mfupa unaotoka kifuani kwenda begani. Kama una miaka 17 au 19, na wengi wenu mko hapo, ncha hiyo haijamaliza kufunga. Unaweza kuwa na kitambulisho, umepiga kura, unalipa nyumba yako mwenyewe, na bado kuna mfupa ndani yako ambao haujaisha kukua.

Mimi nilijua hii kitu kwa njia mbaya.

Kwa ploti yetu kulikuwa na mama mmoja ambaye kijana wake alipotea. Kijana alikuwa na miaka 17, mrefu, kifua kipana, ndevu zilianza mapema. Wale vijana makanga wanawaita "mkubwa" wakidai nauli. Kitambulisho hakuwa nacho kwa sababu umri haukuwa umefika. Mama akazunguka hospitali, akazunguka vituo vya polisi, mwishowe akaanza mochari. Kwenye mochari moja akasomewa orodha. Kulikuwa na mwili uliotolewa mtoni, uso hautambuliki, ngozi ya vidole imeharibika kwa hivyo hata alama haziwezi kuchukuliwa. Kwenye karatasi waliandika: mwanaume, mtu mzima, miaka 25 hadi 35.

"Mama, wako ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Basi huyu si wako, mama. Huyu ni mtu mzima. Pole sana, endelea kutafuta."

Akaendelea kutafuta. Wiki tano. Kaka mkubwa wa kijana ndiye alirudi pale na picha ya mdogo wake akicheka, jino la mbele limevunjika pembeni, akaomba waangalie meno ya ule mwili. Jino lilikuwa lile lile. DNA ilikuja baadaye kuthibitisha. Kumbe siku ile ya kwanza mathe alisimama mita chache kutoka kwa mtoto wake, akaambiwa si wake, akashukuru, akaondoka.

Sisemi yule jamaa wa mochari ni mtu mbaya. Yeye alisoma karatasi. Shida yangu ni karatasi. Na niseme maoni yangu mapema msije mkasema nimewazungusha: umri wa maiti ukiandikwa bila kueleza umetoka wapi, na unaweza kukosea kwa miaka mingapi, hiyo ni kubahatisha kwenye fomu. Na uchungu ni kwamba vijana ndio watu ambao mifupa yao inasema umri vizuri. Mtu wa miaka 50 na wa 60 ni vigumu kuwatofautisha kwa mifupa. Mtu wa 17 na wa 30? Hiyo ni rahisi. Inabidi tu mtu aulize.

Ngoja nieleze.

Mtoto anazaliwa na vipande karibu 300 vya mifupa. Mtu mzima ana 206. Vile vingine havikupotea, viliungana. Chukua mfupa wa paja. Kwa mtoto huo si mfupa mmoja: kuna shina katikati, na kwenye ncha kuna vichwa ambavyo viko peke yao, na katikati ya kichwa na shina kuna gegedu, ile kitu laini kama ya kwenye sikio. Urefu wako wote ulitoka kwenye hayo magegedu. Ukibalehe, homoni zinaanza kuyafunga, hasa estrojeni, na ndiyo, hata kwa wavulana. Gegedu linageuka mfupa, kichwa kinashikana na shina, na hapo urefu umeisha. (Kwa hivyo wale wanaowauzia vidonge vya kuongeza urefu mkiwa na miaka 24, wanawauzia hewa. Nimemaliza.)

Sasa, mifupa haifungi yote siku moja. Fikiria ploti usiku. Mama wa watoto wadogo anafunga mlango saa mbili. Wale wa kazi ya jioni, saa nne. Halafu kuna yule msee wa namba kumi na mbili anayeingia saa saba na kelele. Ukipita kwenye korido bila saa wala simu, ukiangalia tu milango gani imefungwa na gani iko wazi, unaweza kusema ni kama saa ngapi. Dakika huwezi kusema, lakini huwezi kuchanganya saa mbili na saa saba.

Kiwiko ndicho mama wa saa mbili. Kwa wasichana hufunga kati ya kama miaka 11 na 15, kwa wavulana 12 hadi 17. Kisha zinafuata sehemu kama nyonga, kifundo cha mguu, goti, kifundo cha mkono na bega. Goti la msichana hufunga kama kati ya 14 na 18, la mvulana 16 hadi 20. Ukingo wa juu wa nyonga, pale unapofungia mshipi, unaweza kufika miaka ya ishirini na kitu. Na yule msee wa namba kumi na mbili ni mtulinga. Ncha yake ya kifuani inaanza kushikana mwishoni mwa ujana na inaweza kuchukua hadi karibu miaka 30 kumaliza.

Rudi kwa kijana wetu. Kwa miaka 17, kiwiko kimefunga au kiko karibu kufunga, goti na bega pengine ndiyo vinashikana, nyonga juu bado, mtulinga bado kabisa. Mtu wa miaka 30 hana goti la namna hiyo, labda awe na ugonjwa adimu wa homoni. Eksirei moja ya goti na moja ya kifua, na ile "25 hadi 35" ingefutwa na kuandikwa labda "15 hadi 20". Mama angeambiwa, "Mama, keti kwanza." Mashine ya eksirei mara nyingi iko jengo la pili kutoka mochari. Si ati ilikuwa inahitaji kuletwa kutoka Ulaya.

Na hapa nataka tuwe waangalifu, kwa sababu watu wakisikia sayansi wanataka namba moja. Mfupa haujui tarehe uliyozaliwa. Unajua tu mwili umefika wapi, na miili haifiki pamoja. Wasichana wanatangulia wavulana kwa kama miaka miwili, na kama mifupa ni ya mtoto ambaye hajabalehe, hata kujua ni wa kike au wa kiume kwa kuangalia mifupa peke yake ni kazi ngumu sana, kwa hivyo pengo linazidi kupanuka. Mtoto aliyekosa chakula kwa miaka, au aliyeugua muda mrefu, mifupa yake inachelewa. Ndiyo maana mchunguzi mkweli hakupi namba moja, anakupa mwanzo na mwisho. Ukiona mtu ameandika "miaka 18" tu, bila kitu mbele wala nyuma, uliza.

Mfano mzuri wa hii kitu uko hapa hapa kwetu, na wengi wenu mlimwona kwa safari ya shule mkiwa mnapiga kelele. Kijana wa Turkana. Kamoya Kimeu alipata kipande cha kwanza cha fuvu lake mwaka 1984 karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, na timu ya Richard Leakey na Alan Walker ikachimba hadi ikapata mifupa yake mingi. Ana kama miaka milioni moja na nusu. Ncha za mifupa yake mirefu hazijashikana, kwa hivyo alikufa akiwa mdogo. Mdogo kiasi gani? Ukisoma mifupa na urefu wake kwa kipimo cha watoto wa leo, unapata kama miaka 11, 12, 13. Ukisoma mistari midogo sana ndani ya meno yake, ambayo hujengeka kama pete za mti, unashuka hadi kama miaka 8. Mtoto mmoja, saa mbili, majibu mawili. Na sababu ni kwamba alikuwa wa jamii ya kale ya binadamu ambayo haikukua kwa mwendo wetu. Ukimpima na kipimo cha watu wengine, atakupa jibu la watu wengine.

Hebu basi tuulize vipimo tunavyotumia sisi ni vya nani.

Kitabu kinachojulikana sana cha kusoma umri kwa eksirei ya mkono kiliandikwa na Wamarekani wawili, Greulich na Pyle. Toleo ambalo watu wengi wanatumia ni la 1959. Watoto waliopigwa hizo picha walikuwa wazungu wa Cleveland, jimbo la Ohio, wa familia zenye uwezo, miaka ya 1930 na 1940. Kwa mifupa ya vijana waliokufa, utafiti ambao umetajwa miaka na miaka ni wa McKern na Stewart, 1957. Mifupa ilikuwa ya wanajeshi wa Marekani waliokufa kwenye Vita vya Korea. Fikiria kidogo hiyo: sababu ya sisi kujua vizuri mtulinga unafunga lini ni kwamba vijana wengi sana wa miaka 18, 19, 20 walikufa mbali na kwao na ilibidi watambuliwe warudishwe kwa mama zao. Wote wanaume. Msichana hata mmoja hakuwa ndani.

Sasa msinielewe vibaya. Siko hapa kusema ati mifupa ya Mwafrika ni tofauti, hiyo ni hadithi mbaya na ina historia mbaya. Mpangilio wa milango ni ule ule kwa binadamu wote, kiwiko mapema, mtulinga mwisho. Kinachobadilika zaidi ni kasi, na kasi inafuata chakula na afya kuliko kabila. Lakini hapo ndipo penye shida. Mtoto wa Cleveland aliyekunywa maziwa kila asubuhi, na mtoto aliyekulia kwenye kiangazi cha miaka mitatu mfululizo, huwezi kuwasoma kwa ukurasa mmoja bila kusema "huenda huyu wa pili ni mkubwa kuliko mfupa wake unavyoonyesha".

Na kuna mahali hii haikuwa maneno ya darasani. Shakahola.

Aprili 2023 walianza kufukua miili kwenye ule msitu wa Kilifi. Mwanapatholojia mkuu wa serikali, Johansen Oduor, na watu wake walisimama Malindi wakipasua mwili baada ya mwili, ya watu wazima na ya watoto, mingine imekaa ardhini muda mrefu hadi sura haipo tena. Hesabu ikapita 400. Mwanzoni mwa 2024 mhubiri Paul Mackenzie na wenzake wakafikishwa mahakamani. Mombasa, mashtaka ya kuua bila kukusudia, watu 238. Malindi, mashtaka ya mauaji, watoto 191. Walikana yote.

Jumlisha. 429.

Angalia tu zile hesabu mbili zilivyogawanyika. Mtoto hawezi kukubali kufunga hadi afe. Hawezi kisheria, hawezi kiakili. Kwa hivyo mwili ukiwa wa mtoto, shtaka linalozungumziwa ni zito kuliko lile la mwili wa mtu mzima. Na kama mwili umeoza, mzazi wake labda yuko kwenye kaburi lile lile, cheti cha kuzaliwa kilichomwa au hakikuwahi kuwepo, ni kitu gani kitakuambia huyu alikuwa na miaka 16 na si 19? Meno na mifupa. Goti. Bega. Gegedu ambalo halikufunga. Mtu aliyekufa bila jina, bila nguo, bila ndugu wa kumlilia, ana shahidi mmoja tu anayesema "nilikuwa mtoto", na shahidi huyo ni mwili wake mwenyewe.

Kuna watu waliniandikia wakasema njaa ingevuruga hayo yote. Njaa ya wiki chache inaua, lakini haina muda wa kuchelewesha mfupa. Njaa ya miaka ndiyo inachelewesha. Kwa hivyo swali la kuuliza kuhusu mtoto wa Shakahola si alikufaje peke yake, ni aliishije kabla. Na kosa la mfupa uliochelewa linaegemea upande mmoja: humfanya mtu aonekane mdogo. Upande wa utetezi una haki ya kulisema hilo mahakamani, na upande wa mashtaka unapaswa kuwa na jibu. Kwa hivyo kuandika "kati ya hapa na hapa" ni kinga kwa kila mtu, hata kwa mshtakiwa ambaye hampendi.

Ukidhani hii ni habari ya wafu tu, pole. Huo huo usomaji wa mifupa unafanyiwa watu walio hai hapa Kenya kila siku, kwa eksirei ya mkono na ukaguzi wa meno, pale ambapo cheti hakipo. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, mtu akipatikana na hatia ya kunajisi mtoto wa miaka 11 au chini, ni kifungo cha maisha. Mtoto akiwa wa 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Akiwa wa 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Sheria imechora mistari myembamba kama uzi, na kifaa cha kupimia kina upana wa miaka miwili huku na miwili kule. Msichana anayedhaniwa kuwa na 16 anaweza kuwa na 14. Na mvulana wa 17 aliyekamatwa, akiandikwa 19 na daktari mwenye haraka, anashtakiwa kama mtu mzima na kulala na watu wazima. Shaka inapaswa kumwendea mtoto. Sioni kwa nini hili linabishaniwa.

Mtaniambia pesa hakuna, madaktari ni wachache, polisi wanataka namba moja ya kujaza kwenye kisanduku. Nasikia. Nchi nzima ina wanapatholojia wachache na mochari zimejaa. Lakini mwaka 2017 bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Wachunguzi wa Vifo, ambayo ingeunda watu wa kazi hiyo hasa, kuchunguza vifo vya kutatanisha bila kungoja polisi. Miaka ikapita, sheria imekaa kwenye kabati. Shakahola ikatokea sheria iko kwenye kabati. 2025 wakaanza tena kufukua, safari hii Kwa Binzaro, hapo hapo Kilifi. Kwa hivyo mkiniambia pesa, mimi nitawauliza karatasi ni pesa ngapi. Kuongeza mstari mmoja kwenye fomu, "umri umekadiriwa kwa kuangalia nini", ni pesa ngapi? Kama ni urefu na ndevu, andika urefu na ndevu. Mama akisoma hivyo atajua huo umri si wa kutegemea. Atasema nifungulieni nimwone.

Mnaona zile orodha hospitali zinachapisha kwa magazeti, za miili ambayo haijachukuliwa? Zisome siku moja. Kuna watu wenye majina, halafu kuna mstari baada ya mstari wa "mwanaume, mtu mzima, jina halijulikani". Muda wa tangazo ukiisha wanaomba ruhusa ya korti na wanazikwa pamoja. Mimi siku hizi nikisoma "mtu mzima" najiuliza nani alisema. Ni wangapi pale walikuwa wa fomu three, warefu tu?

Kwa hivyo kama unamtafuta mtu wako, na natumai hutawahi, beba hivi vitu. Picha yake akicheka, meno yaonekane vizuri. Eksirei yoyote ya zamani, hata ile ya alipovunjika mkono akicheza mpira darasa la sita, kwa sababu mfupa uliovunjika unaacha alama na picha ya zamani inaweza kulinganishwa na mpya. Kadi ya kliniki. Nambari ya mzazi mmoja wa damu ambaye yuko tayari kutoa sampuli ya DNA. Na wakikuuliza umri, usijibu kwanza. Omba uone wote waliopatikana kuanzia tarehe aliyopotea, halafu ndiyo useme ana miaka mingapi.

Yule mama wa ploti yetu alihama mwaka uliopita. Kabla hajaenda alinionyesha ile fomu, bado anaiweka kwenye bahasha pamoja na cheti cha kuzaliwa cha kijana. Fomu inasema 25 hadi 35. Mtu alikata kwa kalamu ya bluu akaandika 17 juu yake, bila sahihi, bila tarehe.